Bertalan Hajtós, Barcelona 1992: alinyimwa dhahabu au aliiacha mwenyewe?

#1 Mzee wa Mkeka
Wakuu habari za jioni. Nimekaa na video moja ya zamani tangu mchana, sijui nimeirudia mara ngapi, na roho imekataa kutulia, nikaona bora niilete hapa. Ni fainali ya judo Olimpiki ya Barcelona 1992, uzito wa kilo 71, Toshihiko Koga wa Japani dhidi ya Bertalan Hajtós wa Hungaria. Wapenzi wa judo wote wanaijua kwa jina la Koga, kwamba aliumia goti la kushoto mazoezini siku kama kumi kabla ya mashindano, akashindwa hata kutembea vizuri, na bado akachukua dhahabu. Sikatai, ule ni uanaume. Ila mimi naomba leo tumzungumzie yule wa upande wa pili maana naona miaka yote hii anatajwa kama vile alikuwa gunia la mazoezi. Jamaa ametoka Miskolc, mji wa huko kwao Hungaria, ana miaka 26, amepita raundi zote akiwa mzima wa viungo, amefika fainali, dakika tano zimeisha hakuna aliyemwangusha mwenzake, wako sawa kwenye ubao. Wakaachiwa waamuzi waamue, na waamuzi wakampa Koga. Kwangu mimi Hajtós alinyimwa, waamuzi waliangalia lile goti na historia ya Koga wakapandwa na huruma. Nani ana mawazo tofauti aje na hoja.

#2 ngwala_kwanza
Mzee umeamka na ya 1992 leo, sisi wengine tulikuwa hatujazaliwa. Haya nimeangalia. Kwa macho yangu Koga ndiye aliyekuwa anakwenda mbele. Huyo wako alikuwa amekaa anasubiri embe lidondoke.

#3 Dada wa Kinondoni
Naomba kueleweshwa kabla hamjaanza kugombana. "Waamuzi wakampa" maana yake nini? Walipiga kura? Na mbona wote wamevaa nyeupe, mimi nilikuwa namwangalia Koga kumbe ndiye huyo mwingine 😂

#4 Mlandege Boy
Dada @Dada wa Kinondoni ngoja nikufahamishe kidogo, miye nacheza judo hapa Unguja. Wakati ule wote wawili walikuwa wanavaa nyeupe, tofauti ni mkanda, mmoja anafungwa mkanda mwekundu mwengine mweupe juu ya mkanda wake. Nguo ya bluu ilikuja nyuma kabisa, Olimpiki ya kwanza kuionesha ni Sydney 2000. Sasa muda ukiisha na pointi ziko sawa, mwamuzi wa kati anasema "hantei", na wale wawili waliokaa kwenye pembe za mkeka kila mmoja ana bendera mbili, nyekundu na nyeupe, ananyanyua ya yule anayeona amecheza vizuri zaidi. Hakuna kuongeza muda, hakuna kurudia. Bendera zikinyanyuka basi ishakuwa.

Na hapo ndipo palipo na mambo, maana "amecheza vizuri zaidi" kila mtu na jicho lake.

#5 Dada wa Kinondoni
Ahsante kaka. Kwa hiyo mtu anafanya mazoezi miaka kumi halafu mwisho wa siku ni bendera. Jamani.

#6 Bondia Mstaafu
Karibuni kwenye dunia yetu sisi wa ngumi. Mimi nilipigana mashindano ya mkoa mwaka fulani, raundi tatu, jamaa amevimba jicho mimi nimetoka kama nilivyoingia, mkono ukanyanyuliwa wa kwake. Mpaka leo nikilala upande wa kushoto naiona ile picha. Kwa hiyo Mzee wa Mkeka mimi niko na wewe hata kabla sijaangalia hiyo video.

#7 ngwala_kwanza
> Bondia Mstaafu alisema: mimi niko na wewe hata kabla sijaangalia hiyo video

Huo nao ni uamuzi wa bendera, unampa mtu ushindi hujamwona 😂 Angalia kwanza kaka.

#8 Kumbukumbu
Salaam. Naomba niweke mambo machache sawa ili tuwe tunabishana juu ya kitu kimoja.

Fainali ilikuwa tarehe 31 Julai 1992. Shaba za uzito ule walichukua Chung Hoon wa Korea Kusini na Oren Smadja wa Israeli. Koga wakati huo alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, 1989 Belgrade na 1991 palepale Barcelona, lakini Olimpiki ya Seoul 1988 alitolewa mapema na Msovieti Georgi Tenadze, kwa hiyo aliingia 1992 akiwa na deni la miaka minne kifuani. Hajtós hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka uliofuata, 1993 kule Hamilton, Kanada, alifika fainali ya dunia, akashindwa na yuleyule Chung Hoon ambaye Barcelona alikuwa amesimama chini yake kwenye jukwaa. Fedha ya Olimpiki na fedha ya dunia ndani ya miezi kama kumi na minne. Ukisema "gunia la mazoezi" unamkosea.

#9 Mzee wa Mkeka
@Kumbukumbu nashukuru mkuu. Hilo la Chung Hoon ndilo linaniuma zaidi. Mtu anapanda ngazi ya pili mara mbili mfululizo, mara ya kwanza juu yake yuko mgonjwa, mara ya pili juu yake yuko mtu aliyekuwa chini yake jana. Ungekuwa wewe ungelala?

#10 Omosh_Miskolc
Wasee habari. Mimi ni Mkenya nasoma hapa Miskolc, nimekuja na scholarship ya serikali yao, sasa nikaona jina la hii town kwenye uzi nikashtuka manze, sijawahi ona mtu wa kwetu akiitaja. Kwanza jina hamlitamki hivyo. J yao ni Y yetu na S yao ni SH, kwa hivyo ni kama "Hoitoosh". Halafu hapa jina la ukoo ndilo linatangulia, ukiuliza mtu juu ya Bertalan Hajtós anakuangalia kwanza, sema Hajtós Bertalan. Akina Bertalan wengi wanaitwa Berci kwa mkato.

Hii ni town ya chuma. Upande wa Diósgyőr kulikuwa na viwanda vikubwa vya chuma enzi za ukomunisti, sasa vimebaki magofu na mabomba yenye kutu, ukipita na tram unayaona. Miaka ya tisini mwanzoni ndiyo hayo mambo yalikuwa yanaporomoka, watu wanaachishwa kazi. Kwa hivyo mkisema 1992 kwa watu wa hapa hiyo siyo mwaka wa Koga na goti lake, ni mwaka wa baba kurudi nyumbani hana kazi.

Na judo hawaiiti judo tu, wana neno lao, cselgáncs. Csel ni hila, gáncs ni ile kumtegea mtu mguu aanguke.

#11 ngwala_kwanza
Hila na ngwala!!! Omosh umenifurahisha, jina langu kumbe ni la Kihungaria. Kuanzia leo mimi ni Mhungaria na bado nasema Koga alishinda.

#12 Mlandege Boy
Nirudi kwenye mchezo wenyewe maana naona watu wanaongelea huruma tu. Silaha ya Koga ilikuwa ippon seoi nage, yaani kumbeba mtu mgongoni kwa mkono mmoja na kumbwaga mbele. Wengi wetu tukiipiga tunainama na kupiga magoti kabisa, yeye alikuwa anaipiga amesimama wima, miguu ameitanua, anamnyanyua mtu juu kama mfuko wa karafuu. Kila aliyecheza judo ameiona hii. Sasa fikirieni, pigo hilo linataka nini? Linataka uingie chini ya mtu, uzito wake wote uuchukue kwenye magoti yako, halafu unyooke. Goti la kushoto bovu. Kila akiingia ni kama anachomeka msumari mwenyewe. Na aliendelea kuingia.

Waamuzi wa wakati ule walikuwa wanaangalia nani anajaribu. Sio nani mzima, sio nani mgonjwa. Nani anajaribu kumtupa mwenzake. Kwa kipimo hicho miye siwezi kumlaumu aliyenyanyua bendera.

#13 Mzee wa Mkeka
> Mlandege Boy alisema: Waamuzi wa wakati ule walikuwa wanaangalia nani anajaribu

Kaka mashambulizi yasiyofika mahali ni mashambulizi? Mtu akiingia nusu akatoka, hakukusogeza, hiyo inahesabika? Na sheria ilikuwepo ya kumwadhibu mtu asiyeshambulia, kwa majina yao ya Kijapani kwanza shido, halafu chui, halafu keikoku, na kila adhabu ilikuwa inampa mpinzani pointi. Kama Hajtós alikuwa amekaa tu anasubiri embe kama anavyosema bwana ngwala, mbona ubao ulibaki sawa mpaka mwisho? Kwa waamuzi hao hao, kwa dakika tano nzima, hakuonekana mzembe kuliko mwenzake, halafu sekunde moja baada ya kengele ndiyo akawa mzembe?

#14 Mlandege Boy
Hapo umenibana mzee. Nitafikiria.

#15 Kumbukumbu
Hoja ya #13 ni nzuri lakini ina tundu. Adhabu ni kwa mtu anayekwepa mchezo. Hantei ni kulinganisha wawili ambao wote wamecheza. Unaweza usistahili adhabu na bado mwenzako akawa amekuzidi kidogo. Tatizo ni kwamba hicho "kidogo" hakiandikwi popote, kinabaki kichwani mwa watu watatu.

#16 Mama Swaum
Jamani mimi si mtu wa judo ila ni mtu wa viungo, nafanya kazi ya mazoezi ya tiba na wagonjwa wa magoti ndio mkate wangu wa kila siku, nimevutiwa na habari ya hili goti. Kano ya pembeni ya goti ikichanika, siku kumi haitoshi hata kidogo, huyo mtu hata ngazi anapanda kwa kushikilia. Inasemwa alichomwa sindano za ganzi ya maumivu. Sindano inakuondolea maumivu lakini haikurudishii kano, goti linabaki limelegea vilevile, na wewe huna kile kengele cha kukuambia simama. Kwa hiyo ni hatari mara mbili.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Huyu Mhungaria alijua? Kama alijua, alilifanya nini lile goti? Maana mwili wa binadamu ukimwona mwenzake anachechemea hubadilika wenyewe. Nimeona hata wale wagonjwa wangu wawili wakipita kwenye korido mmoja ana magongo, yule mzima anajibana ukutani bila kufikiri.

#17 Bondia Mstaafu
Mama umeuliza swali la maana kuliko yote humu. Alijua lazima, mguu ulikuwa umefungwa na dunia nzima ilikuwa inajua.

#18 ngwala_kwanza
Ndiyo hapo mimi nasema, mguu mbovu uko mbele yako, ni fainali ya Olimpiki, unaushambulia ule ule mguu. Hakuna sheria inayokataza. Koga mwenyewe angekuelewa. Ukiuacha umeiacha dhahabu mwenyewe, usije ukalia na bendera.

#19 Mzee wa Mkeka
@ngwala_kwanza hapana kaka. Kuna kushinda na kuna kumlemaza mtu.

#20 ngwala_kwanza
Mzee ukiingia mkekani umekubali. Akisema siwezi, anajitoa. Hakujitoa. Kwa hiyo mguu wake ni mguu kama mguu mwingine wowote. Kumwonea huruma ndiyo kumdharau.

#21 LshiTatami
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, huku kwetu batoto banajifunza judo tangu mazamani. Mwalimu wetu alikuwa anatuambia, mutu wa mguu mubaya ndiye wa kuogopa sana, juu hana wakati. Anajua hawezi kucheza mupaka mwisho, kwa hiyo ataingia, ataingia, ataingia. Weye uko muzima unasema nitangoja achoke. Hachoki. Saa inaisha. Mimi naona hiyo ndiyo kosa ya Hajtós, hesabu ya saa, hakuna mambo ya huruma hapo.

#22 Mlandege Boy
LshiTatami maneno yako mazito. Na niongeze, Koga hakuumia goti tu. Kwa vile hakuweza kufanya mazoezi baada ya kuumia, hakuweza kukata uzito kwa kutoka jasho, ikabidi ashinde na njaa mpaka afike kilo 71. Kwa hiyo kila mtu aliyekutana naye siku ile angefikiri "huyu hana mafuta, nikimvuta mpaka mwisho atazimika". Nusu ya wapinzani wake wangefanya hesabu hiyo. Hata miye ningeifanya.

#23 Dada wa Kinondoni
Nani alimuumiza mazoezini?

#24 Kumbukumbu
Hidehiko Yoshida, Mjapani mwenzake, walikuwa wanafanya mazoezi pamoja baada ya kufika Barcelona. Na Yoshida alikuwa mdogo wake wa tangu shule. Tarehe 30 Julai, siku moja kabla, Yoshida akachukua dhahabu ya kilo 78. Kwa wanaume wa Japani zile ndizo dhahabu pekee mbili za judo mwaka ule, ya aliyeumiza na ya aliyeumizwa.

#25 Dada wa Kinondoni
Mungu wangu. Kwa hiyo ungekuwa mwamuzi umekaa pale, jana umemwona Yoshida kashinda, leo huyu kaka yake aliyeumizwa naye anapigana kwa mguu mmoja, halafu una bendera mbili mkononi... Hapana mimi ningenyanyua ya Koga nikiwa nimefumba macho. Mzee wa Mkeka samahani lakini sasa nakuelewa zaidi, siyo kwamba walikula rushwa, ni kwamba walikuwa watu.

#26 Mzee wa Mkeka
Ndicho nilichokuwa nasema tangu #1 ila wewe umekisema vizuri.

#27 Bondia Mstaafu
Nimeangalia video sasa. Mara mbili. Nisameheni, nabadilisha kauli, Koga alikuwa anafanya kazi zaidi. Lakini sio kwa tofauti ya kumpa mtu dhahabu na mwingine fedha. Ingekuwa ngumi ningeandika sare.

#28 ngwala_kwanza
Karibu nyumbani kaka yangu.

#29 mgosi_wa_korogwe
Nimechelewa wakuu. Kwani huyu Hajtós si ndiye aliyechukua dhahabu Barcelona? Nakumbuka Hungaria walikuwa na dhahabu ya judo mwaka ule.

#30 Kumbukumbu
Hapana mgosi, unamchanganya na Antal Kovács, kilo 95, dhahabu tarehe 28 Julai, akiwa na miaka 20 tu. Fainali alimshinda Mwingereza Raymond Stevens. Kovács anatoka Paks, mji wa kinu cha nyuklia, na mpaka leo ndiye Mhungaria pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki kwenye judo. Halafu kesho yake ya fainali ya Hajtós, tarehe 1 Agosti, József Csák akafika fainali ya kilo 65 na yeye, akashindwa na Rogério Sampaio wa Brazili. Kwa hiyo Wahungaria walikuwa na fainali tatu za wanaume ndani ya siku tano.

#31 mgosi_wa_korogwe
Ahaa sawa sawa, nimeshika. Fainali tatu kwa nchi ndogo vile!

#32 Omosh_Miskolc
@mgosi huyo Kovács anajulikana zaidi hapa, na mwaka uliofuata hapo hapo Hamilton akawa bingwa wa dunia pia. Kwa hivyo fikiria Hajtós, Barcelona kuna mwenzake wa timu ana dhahabu na yeye fedha, Hamilton the same thing, mwenzake dhahabu yeye fedha. Kwenye picha ya pamoja kila mara ni yeye yuko kando.

Na mkumbuke pia 1992 Hungaria walileta nyumbani dhahabu 11 na medali 30 jumla. Krisztina Egerszegi peke yake dhahabu tatu za kuogelea. Katika hiyo furaha yote nani atakaa kulalamika juu ya bendera za judo? Nadhani ndio maana hakuna kelele kubwa ilipigwa. Angekuwa wa nchi yenye medali moja, hiyo fedha ingekuwa wimbo wa taifa.

#33 Mama Swaum
Omosh hapo kwenye picha umenigusa.

#34 LshiTatami
Banamuke ba Hungaria nabo bako na nguvu, ile ya London.

#35 Kumbukumbu
Ndiyo, Éva Csernoviczki, kilo 48, shaba ya London 2012, mwanamke wa kwanza wa Hungaria kupata medali ya Olimpiki kwenye judo. Anatoka Tata, kocha wake alikuwa baba yake mzazi. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya palepale Budapest mbele ya watu wake.

#36 Mlandege Boy
Na London 2012 hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kaburi la bendera! Mnakumbuka robo fainali ya kilo 66, Ebinuma wa Japani na Cho Jun-ho wa Korea Kusini? Muda ukaisha sawa, waamuzi wote watatu wakanyanyua bendera ya Cho. Ukumbi ukazizima. Mara wakaitwa pembeni, wakaongea na wakubwa, wakarudi, wakanyanyua upya, wote watatu safari hii bendera ya Ebinuma. Watu walewale watatu, pambano lilelile, dakika chache tu. Hapo ndipo kila mtu aliona kwamba hantei haina mifupa. Baada ya Olimpiki ile haikukaa muda, 2013 wakaiondoa, sasa mkiwa sawa mnaendelea hadi mmoja aangushwe au aadhibiwe, hata kama ni dakika kumi.

Na kilo 66 hizo hizo aliyefika fainali ni Mhungaria, Miklós Ungvári, akashindwa na Shavdatuashvili wa Georgia. Fedha tena!

#37 Mzee wa Mkeka
Basi naona sasa mmenipa dawa yangu. Kama 1992 ingekuwepo hiyo ya kuendelea bila kikomo, Hajtós angekuwa bingwa wa Olimpiki. Goti lile lingefika dakika ya nane? Tumbo lile lenye njaa lingefika dakika ya nane?

#38 LshiTatami
Mwalimu yangu angesema Koga angemutupa dakika ya sita. Hana wakati, nimesema.

#39 Kumbukumbu
Mzee, kabla hujafunga hesabu, kuna jambo hujalitaja. Atlanta 1996. Koga alipanda uzito, akaenda kilo 78, akafika fainali dhidi ya Mfaransa Djamel Bouras. Muda ukaisha. Sawa. Hantei. Safari hii waamuzi wakampa Bouras, na Koga akaondoka na fedha. Mtu yuleyule, bendera zilezile, na goti lilikuwa limepona.

#40 Dada wa Kinondoni
Weeeee 😳

#41 Bondia Mstaafu
Sasa hii inakuwaje? Kama waamuzi wanapenda jina, 1996 jina la Koga lilikuwa kubwa zaidi kuliko 1992. Nadharia ya jina imekufa.

#42 Mzee wa Mkeka
Haijafa. 1996 hakukuwa na mguu wa kuonea huruma. Mimi sikusema jina peke yake, nilisema goti na jina.

#43 ngwala_kwanza
Au 1996 hakushambulia vya kutosha na 1992 alishambulia. Mbona hii rahisi hamuitaki?

#44 mgosi_wa_korogwe
Huyu Koga yuko wapi siku hizi? Anafundisha?

#45 Omosh_Miskolc
Alifariki bro, cancer, nadhani ni 2020.

#46 Kumbukumbu
Tarehe 24 Machi 2021, akiwa na miaka 53. Ni miezi michache tu kabla ya Olimpiki kufanyika kwao Tokyo.

#47 Mama Swaum
Innaa lillahi. Mdogo kabisa.

#48 Mlandege Boy
Wakuu niwape kisa changu kidogo. Mwaka mmoja nilikutana na rafiki yangu mkekani kwenye mashindano madogo hapa hapa, yeye kifundo cha mguu kimevimba kakifunga bandeji, tumekuja na daladala moja asubuhi, nimemwona anavyopanda. Nilijiambia mbele ya watu wote nitamcheza kama kawaida. Kengele ikalia, na miguu yangu ikakataa. Sio kwamba niliamua kumwonea huruma, la, nilitaka kushinda kweli. Lakini kila mguu wangu ukienda kwake unafika umelegea. Alinishinda. Nikarudi nyumbani nikanyamaza wiki nzima. Kwa hiyo nikimwangalia Hajtós pale, miye simwoni mtu mvivu wala mtu anayengoja embe. Namwona mtu ambaye mwili wake haukumpa ruhusa. Ninaweza kuwa nimekosea, pengine najiona mwenyewe.

#49 ngwala_kwanza
Hiyo sina la kusema kaka. Nimekuelewa. Ila rafiki yako ni rafiki yako, Koga kwake alikuwa nani?

#50 Mlandege Boy
Uzito mmoja, mashindano yaleyale mwaka baada ya mwaka. Watu wa uzito mmoja mnajuana kuliko ndugu.

#51 Dada wa Kinondoni
Nina swali la pembeni. Sisi tuna mtu kwenye uzito huo?

#52 mgosi_wa_korogwe
Andrew Mlugu dada, alikwenda Paris 2024, kilo 73.

#53 Kumbukumbu
Na kilo 73 ndiyo ile kilo 71 ya zamani, walibadilisha mizani mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwa hiyo jibu ni ndiyo.

#54 Mlandege Boy
Nimewaza. Kesho jioni tuna mazoezi, nitafanya kitu. Nitamfunga kijana mmoja goti kwa bandeji ngumu asiweze kulikunja vizuri, nimweke na mwenzake wa kimo chake, dakika tano, pambano la kweli. Nitaleta majibu.

#55 ngwala_kwanza
Tunasubiri. Na bendera uweke!

#56 Mlandege Boy
Assalaam alaykum, nimerudi. Tumefanya mara tatu, vijana sita, wote watu wazima na kwa ridhaa yao. Pambano la kwanza aliyefungwa goti alitupwa ndani ya dakika moja, safi kabisa. La pili na la tatu yalikwenda hadi mwisho na hakuna aliyeangushwa. Bendera tuliweka, waamuzi ni sisi wakubwa watatu. Yote mawili tulimpa aliyefungwa goti. Na wallahi hatukusemezana.

Baadaye nikawauliza mmoja mmoja faragha. Yule mzima wa pambano la tatu akaniambia alikuwa anaogopa kumvunja mwenzake. Yule mwenye bandeji akaniambia hakuona kama anaogopwa hata kidogo, alidhani anamzidi.

#57 LshiTatami
Ule wa kwanza alitupwa na nini?

#58 Mlandege Boy
Alipigwa ngwala kwenye mguu mzima. Ule aliokuwa anausimamia.

#59 ngwala_kwanza
Mguu MZIMA!! Mzee wa Mkeka njoo huku. Kwa hiyo hata goti bovu halikuguswa!

#60 Mzee wa Mkeka
Nimeiona. Lakini bandeji haina maumivu, na hao vijana hawakushinda na njaa, na hakuna aliyekuwa anawaangalia kutoka Miskolc. Narudi kwenye video, safari hii naangalia mguu wa kulia wa Koga tu.

#61 Omosh_Miskolc
Mzee ukiona kitu andika dakika na sekunde, na mimi nitaiangalia nikiwa huku huku Diósgyőr.